Kidani cha Randi 60: Siku Kumi Nchi ya Wazulu

Siku ya kwanza: Durban, ufukweni

Nimefika mchana, nikatupa begi chumbani na kwenda zangu baharini. Mtu wa Tanga hawezi kulala mji wenye bahari bila kwenda kuiamkia. Ni Bahari ya Hindi ileile, ila huku ina hasira, mawimbi yanakuja kama yanadai deni.

Kando ya njia ya waenda kwa miguu kina mama wamekaa chini, wametandaza shanga. Nyuma yao anapita mvuta riksho, kigari cha abiria kinachovutwa na mtu, kichwani ana mapembe na manyoya, kifuani shanga mpaka huoni shati. Riksho zilianza mji huu miaka ya 1890, vijana wa Kizulu wakazivuta, na pole pole kila mmoja akaanza kujipamba kumpita mwenzake. Leo zimebaki chache, za kupigia picha.

Nimenunua kidani. Kipande cha mraba kama kibiriti, kwenye uzi wa shanga nyeupe. Mraba wenyewe mweupe, katikati pembetatu nyekundu, chini yake mstari wa kijani unaokatika nusu ya njia na kumalizikia kwa buluu. Randi 60. Nimemuuliza muuzaji kinasema nini, maana kila mtu amesikia kwamba shanga za Kizulu ni barua za mapenzi. Hakujibu. Amenipa kadi iliyochapwa kwa Kiingereza: nyeupe ni moyo safi, nyekundu, macho yangu yamekuwa mekundu kwa kukungoja, kijani, nimekonda kama jani, buluu, laiti ningekuwa njiwa ningeruka hadi kwako.

Nimeisoma mara tatu. Bibi yangu hakuwahi kumtolea mke mwenzake neno baya hadharani, lakini alikuwa na kanga moja, *Usisafirie nyota ya mwenzio*, na siku alipoivaa nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Kwa hiyo kwamba vazi linasema sihitaji kuambiwa. Ila kanga ina maandishi. Shanga hazina, na kamusi ya kadi moja inanitia shaka. Kidani nimekivaa, na nitamuuliza kila nitakayekutana naye.

Siku ya pili: Warwick

Nimepanda kombi, daladala ya huku, nikakaa mbele kwa dereva ili nione mji. Kosa. Kumbe kombi hii haina konda: nauli hupitishwa kwa mikono kutoka viti vya nyuma, na anayekaa mbele ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Watu kumi na tano wakanipigia kelele kwa Kizulu. Nilichoelewa ni neno moja tu, *imali*, nalo lilitosha. Mwishoni zilipungua randi nane, nikazilipa mwenyewe kimya kimya.

Warwick ni Kariakoo iliyowekewa reli na madaraja. Soko la dawa za miti shamba lipo juu ya kipande cha barabara ya juu ambacho ujenzi wake uliachwa bila kumalizwa: magome, mizizi na ngozi za nyoka angani, magari chini. Kwenye shanga ndipo nilipokaa zaidi. Wanunuzi wengi ni waumini wa Shembe, kanisa lililoanzishwa na Isaiah Shembe mwaka 1910. Kwao siku ya kucheza dini ni siku ya kuvaa ngozi na shanga kamili, kwa hiyo wakati wamisionari wengine walikuwa wanawavua watu shanga, kanisa hili lilikuwa linaagiza zaidi. Bila Shembe, mafundi wengi wa ushanga wangekosa wateja wa kweli, wale wanaojua kukosoa. Nimemtazama kijana mmoja akinunua mkanda: ameugeuza upande wa nyuma, akavuta uzi kwa ukucha, akaurudisha. Hajasema kitu. Muuzaji akatoa mwingine.

Jirani yake zinauzwa ngozi za chui za bandia, kitambaa kilichochapwa madoa. Wanaume wa Shembe wengi huvaa chui, na chui wa kuwatosha wote hawapo, kwa hiyo wahifadhi wa wanyama wakaja na mbadala, ukapokelewa.

Nikamwonyesha muuzaji kidani. Akakishika kwa vidole viwili. "Hii ya wageni," akasema kwa Kiingereza, akanirudishia. Hakuwa ananidharau mimi, alikuwa anakidharau chenyewe.

Jioni, kwenye duka moja mjini, nimeona vikapu vya waya wa simu. Walinzi wa usiku walianza kwa kuzungushia fimbo zao mabaki ya waya huo wenye ganda la plastiki la rangi, ili usiku upite. Fimbo zikawa nzuri mno. Baadaye wakahamia kwenye *imbenge*, kile kisahani cha kusukwa kinachofunika chungu cha bia. Elliot Mkhize, mmoja wa waanzilishi wanaojulikana, alikuwa mlinzi. Nimeshika kimoja: mzunguko mmoja wa nyekundu, mmoja wa njano, vinajipinda kama maji yanayoingia shimoni. Bei yake sikuiweza.

Siku ya tatu: Eshowe

Barabara imepanda kutoka kwenye mashamba ya miwa hadi kwenye ubaridi. Eshowe kuna ngome nyeupe yenye minara mitatu, ya mwaka 1883, na ndani ya eneo lake kuna Vukani, makumbusho ya vikapu na vyungu. *Vukani* maana yake amkeni. Mchungaji wa Kilutheri kutoka Sweden, Kjell Löfroth, alishirikiana na wasusi wa vijijini kipindi ambacho ndoo ya plastiki ilikuwa imeshaanza kuua kikapu, na vingi vya mkusanyiko huu vinatokana na kazi hiyo.

Nimetegemea kuchoka baada ya kikapu cha ishirini. Sikuchoka. Kuna *isichumo*, chupa kubwa ya kusukwa yenye kifuniko, iliyotengenezwa kubebea bia bila kuvuja. Mkono wa Reuben Ndwandwe unajitambulisha hata bila kusoma kibandiko: mshono mwembamba mno, mabega yameinuka sawasawa kama yamechorwa kwa bikari. Alikuwa mwanamume, na si ajabu. Vikapu vya bia zamani vilisukwa na wanaume pia.

Chumba cha pili kuna *isicholo*, kofia pana nyekundu ya mwanamke aliyeolewa. Asili yake si kofia. Ilikuwa nywele zenyewe, zimeshonewa nyuzi na nyasi, zikapakwa mafuta na udongo mwekundu, mwanamke akalala nazo shingo juu ya kigogo cha kulalia ili zisivurugike. Baadaye ikawa ya kuvua na kuvaa. Mlinzi wa makumbusho, baba mtu mzima, ameniuliza kama kwetu mke hufunika kichwa mbele ya wakwe. Nikamwambia ndiyo. Akafurahi kama tumegundua ni ndugu.

Kidani? Amekitazama kwa heshima, akasema huenda pembetatu ni mwanamume, maana msichana huchorwa kwa almasi. Halafu akaongeza, "Lakini hayo wanayasema wenye vikapu."

Siku ya nne: bonde la Thukela

Nitaiandika siku hii polepole.

Tumeshuka kutoka Eshowe kuelekea mtoni, joto likirudi, mishubiri imesimama milimani kama watu. Bonde hili ndilo la Nesta Nala, mfinyanzi aliyezaliwa 1940 na kufariki 2005, ambaye vyungu vyake vimefika makumbusho ya dunia. Alijifunza kwa mama yake, na mabinti zake wakajifunza kwake. Karibu na kwao, pale Ndondondwane, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata vigae vya zaidi ya miaka elfu moja, na Nesta alivitazama vigae hivyo akachukua michoro yake. Nilikuja nikidhani mapokeo hushuka tu kama mvua, kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Kumbe mtu anaweza pia kuinama akayaokota chini.

Mama niliyepelekwa kwake si wa ukoo huo, lakini kazi ni ileile. Ana jiwe la kusagia, na juu yake udongo wa aina mbili, mmoja mwekundu na mmoja wa kijivu, anasaga kama anayesaga mtama. Hana gurudumu. Anapiga tonge, analibonyeza kuwa kitako, kisha anasokota kamba ya udongo baina ya viganja na kuizungusha juu yake, kamba juu ya kamba, akikwangua kwa kipande cha kibuyu mpaka viungo vinapotea. Mkono wa kushoto upo ndani muda wote, unasukuma. Wa kulia unajibu kwa nje. Nimejaribu. Changu kimelala ubavuni kama mlevi, na watoto wamepata cha kuchekea wiki nzima.

Kikishakauka kiasi hung'arishwa kwa kokoto ya mtoni. Ya kwake ilikuwa ya mama mkwe wake, imechimbika upande mmoja kwa kusuguliwa. Halafu huchomwa kwenye shimo dogo kwa mishubiri mikavu, nyasi na mavi ya ng'ombe, kinatoka chekundu. Chungu cha kupikia bia, *imbiza*, kingeishia hapo. Lakini *ukhamba*, chungu cha kunywea, hurudishwa motoni mara ya pili, katika moshi mzito uliofunikwa, kikatoka cheusi tii, kikapakwa mafuta. Siku hizi, kasema, hata rangi ya viatu.

Nikauliza kwa nini cheusi. Nilidhani ataniambia ni uzuri. Akanionyesha ndani ya nyumba, mwisho kabisa mkabala na mlango, mahali panapoitwa *umsamo*. Pale ndipo mizimu, *amadlozi*, hukaa, na bia yao huwekwa pale kabla ya mtu yeyote kunywa. Mizimu inapenda giza na ubaridi. Ukiwawekea chungu chekundu kinachong'aa ni sawa na kumkaribisha babu mkwe jikoni.

Juu ya mabega ya ukhamba kuna vinundu vilivyopangwa, *amasumpa*, yaani chunjua. Wengine husema ni kundi la ng'ombe likitazamwa kutoka mlimani. Zipo pia alama za kukwaruza. Na vyungu vina majina kama watu: *uphiso* ana shingo nyembamba, wa kusafiria, bia isimwagike kichwani, *umancishana* ni mdogo, na jina lake latokana na uchoyo. Mgeni akiwekewa umancishana ajijue.

Bia ililetwa. Mama alionja kwanza mbele yetu, ndiyo adabu, kuonyesha haina sumu. Wanaume wakavua kofia. Mimi situmii kileo, na nilikuwa nimejiandaa kujitetea, lakini hakuna aliyenibana, nikaletewa *amahewu*. Nimepiga funda la kwanza nikacheka peke yangu. Togwa! Ya mahindi, yenye uchachu uleule. Nimesafiri nchi mbili kuja kunywa togwa kwenye chungu cheusi.

Chungu kilifunikwa kwa imbenge, na nilipouona mshono nikakumbuka kawa la bibi lililofunika wali. Kwa mama nikaona aibu kukitoa kidani. Yeye ndiye aliyekiona. "Kizuri," akasema, akarudi kwenye udongo.

Siku ya tano: eMakhosini

Bonde la wafalme. Kilimani kuna mnara: chungu kikubwa cha shaba nyeusi, ukhamba, kimezungukwa na pembe saba kubwa kwa ajili ya wafalme saba waliozikwa bondeni. Nchi nyingine zingeweka jenerali juu ya farasi.

Chini kidogo ni uMgungundlovu, makao ya mfalme Dingane tangu 1829, yaliyochomwa moto 1838. Moto ule ule uliochoma nyumba uliifinyanga sakafu ya udongo ikawa tofali, ndiyo maana bado ipo. Wageni walioingia nyumba ya mfalme waliandika kwamba ilikuwa na nguzo 22, kila moja imevishwa shanga toka juu hadi chini. Katika uchimbaji zimetoka shanga za kioo.

Hapo ndipo penye jambo. Kioo hicho hakikutengenezwa hapa. Kilitoka Ulaya, kwanza kupitia ghuba ilipo Maputo ya leo, baadaye na bandari ya Durban, na mfalme ndiye aliyeamua nani avae ipi. Baada ya Waingereza kuuvunja ufalme mwaka 1879 wafanyabiashara wakamwaga shanga madukani, kila msichana akazipata, na sanaa tunayoiita ya kale ikachanua kweli wakati huo, ufalme ukiwa umeanguka. Nimekaa kwenye kivuli nikifikiri kanga zetu zilizochapwa Manchester na Bombay. Hakuna anayemwambia bibi yangu kwamba kanga yake ni ya Mwingereza.

Siku ya sita: Hlabisa

Wasusi wa hapa hutumia *ilala*, kwetu mkoche, lakini mti wenyewe haupo hapa. Majani huletwa kutoka pwani ya kaskazini kuelekea Msumbiji. Nimekulia kwenye ukili. Kwetu unasuka utepe mrefu kwanza, halafu unaushona. Hapa hawasuki utepe: wanashika tita jembamba la nyasi, wanalizungusha toka kitovu, na kila mzunguko unafungwa kwenye uliotangulia kwa uzi wa ilala kwa kutumia sindano nene. Kama agaseke la Rwanda. Mama mmoja alikuwa anafika nusu ya *isichumo*, na amekianza wiki tatu zilizopita.

Nyasi na ilala ndizo siri ya kutovuja. Kikapu kikipata unyevu, zinavimba na kubanana. Mara ya kwanza kinatoa jasho kidogo, kasema, kisha kinatulia.

Rangi hutoka kwenye mizizi, magome na majani, na chungu cha kuchemshia kipo motoni saa nyingi. Zambarau, kahawia, kijivu cha jivu, hakuna inayopiga kelele. Nilipouliza pembetatu maana yake nini, mama akanitajia ngao, mshale, uume, uke, kama anayesoma orodha ya mwongoza watalii. Nikauliza, na hiyo unayoitia sasa? Akakitazama kikapu. "Hii? Hii imebidi iwe pembetatu. Ningeongeza mshono mmoja isingekutana upande wa pili."

Siku ya saba: njiani

Nongoma, Vryheid, Dundee. Vumbi, kuku wa kukaanga, kombi iliyopasuka tairi. Hakuna la kuandika.

Siku ya nane: Msinga

Tugela Ferry siku ya soko. Wanawake walioolewa wamevaa isicholo pana kama sinia, na hawajavaa kwa ajili ya mgeni yeyote, wananunua nyanya.

Nimepelekwa kwa *gogo*. Kizulu gogo ni bibi, na kila nilipomwita hivyo nilijisikia namwita kipande cha mti. Masikio yake yametobolewa tundu kubwa, yamejazwa *iziqhaza*, duara bapa zenye michoro ya nyota. Nikadhani ni pembe. Mjukuu wake akasema ni vigae vya plastiki vya sakafu, vimekatwa na kupangwa kwa gundi. Mafundi wa zamani wa Johannesburg walikuwa na kazi hiyo. Bibi mzaa bibi yangu alivaa majasi. Nikamwonyesha gogo ukubwa wake kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei.

Kisha nikavua kidani nikampa.

Alikigeuza nyuma kwanza, kama yule kijana wa Warwick. Akapitisha ukucha kwenye mstari wa kijani mpaka pale unapokatika na kuwa buluu. Akasema kitu, mjukuu akaangua kicheko, akashindwa kutafsiri.

"Gogo anasema kinasema hivi: aliyekitengeneza aliishiwa na shanga za kijani."

Tukacheka wote watatu. Akaniletea kifurushi. Cha kwanza nyeupe, buluu iliyokolea, kijani na nyekundu, mpangilio wanaouita *umzansi*. Cha pili kina waridi na njano iliyopauka: *isishunka*. Rangi hizi, akaeleza, kwanza zinakwambia mtu ni wa wapi na wa rika gani. Ukizivaa sokoni najua nikusalimie vipi kabla hujafungua mdomo. Kwingine, hata ng'ambo ya mlima, rangi zilezile ni kitu kingine.

Na barua ya mapenzi je? Akatoa uzi mmoja mweupe, *ucu*, umegeuka rangi ya siagi. Msichana ndiye huchagua, akaniambia. *Ukuqoma* ni kazi ya msichana, na dada wakubwa wa rika humruhusu au humkatalia. Akikubali hupeleka ucu, na kwa kijana hupandishwa bendera nyeupe. Huu aliupeleka yeye. Kijana mwenyewe alikuwa migodini. Uzi ulirudi pamoja na sanduku lake.

Uliandika nini humo? nikauliza.

Amefikiri kidogo. "Alijua yeye."

Nimekumbuka kundi la Siyazama, maana yake tunajaribu, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 wanawake wa shanga walianza kutengeneza wanasesere wanaosimulia ukimwi. Mwanamke wa heshima hawezi kutamka mambo ya chumbani, hata jina la baba mkwe hulikwepa. Mwanasesere anaweza. Lakini hata hapo mtengenezaji ndiye aliyejua alimaanisha nani.

Siku ya kumi: Mai Mai, Johannesburg

Ndege yangu ni jioni. Asubuhi nimekwenda Mai Mai, soko la wafanyakazi wa Kizulu chini ya barabara kuu: nyama choma, ngao, majeneza, sketi za ngozi. Na viatu. *Izimbadada*, vimekatwa kwenye tairi la gari, juu vimepambwa vipande vya plastiki nyeupe, nyekundu na kijani, na vinabamizwa chini kwenye ngoma mpaka vinalia.

"Makatambuga," nikamwambia fundi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akalipenda, akaliimba akipiga msumari.

Nimelipa bila kuomba kupunguziwa. Kidani nimekifunga kwenye mkanda wa kushoto.

Tanga, wiki ya pili

Mkanda ulilegea, nikaenda kwa fundi wa makatambuga pale karibu na soko. Hakutazama urembo wala kidani. Alikipindua kiatu, akafuta vumbi kwenye nyayo kwa kidole gumba, akaisoma namba iliyobaki kwenye mpira.

"Hii tairi ya lori," akasema. "Huyu hakukudhulumu."

Kisha akauliza kile kimraba cha shanga kinasema nini. Nikamwambia.